Jina la Mchoro wa Mezani

Asubuhi ile ya mwisho walikunywa chai kama siku zote, mzee upande wa dirisha, mkewe upande wa mlango, chaki tayari vidoleni. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na bila kuchora hakuweza kufikiri. Alipiga mstari juu ya meza, akatia sufuri katikati, akaandika alama ya kutoa huku na ya kujumlisha kule, kisha akapuliza vidole kama afanyavyo darasani. "Huu sisi tunauita mchoro wa alama," alisema. "Kwa Kiingereza unaitwaje, baba?" "Unaniuliza mimi, mshona viatu?" "Wewe angalau hujifanyi unajua." Wiki nzima alikuwa akilisaka jina hilo, maana wanafunzi wake wangefanya mtihani kwa Kiingereza. Kulitafsiri neno kwa neno alikataa. Hawezi, alisema, kuwabahatishia watoto wa watu. Alifunga mkoba, akaufungua kuangalia kama miwani imo, akaufunga tena. Mzee akanyoosha mkono kuchukua kitambaa cha kufutia meza.

Siku hiyohiyo mkewe alianguka darasani, hakuamka. Mazishini mwalimu mwenzake alimwambia mzee kwamba jina ni sain dayagramu, yaani mchoro wa alama, neno kwa neno. Mzee aliitikia kwa kichwa. Angecheka mkewe mpaka ashike mbavu. Chai sasa anainywea jikoni, amesimama. Mstari bado upo mezani, na kitambaa hajakigusa tangu alipokatazwa pale mlangoni: "Usifute, mzee wangu. Nikirudi na jina lake, nataka nikuoneshe linapokaa."