Siku Tuliyofukia Paipu za Baba

Baba alikuwa fundi kwenye visima vya mvuke kule Naivasha, na miaka ya tisini ilipoanza alirudi nyumbani kwetu, nje kidogo ya Ahero, akiwa na wazo moja tu kichwani. Jua halifiki chini ya ardhi, alisema. Ukichimba hadi kimo cha mtu unakuta ubaridi umekaa tu bila kazi, na yeye angeuleta sebuleni kwa paipu na feni.

Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, na chini ya mabati yetu joto lilikuwa la kupindisha mishumaa. "Baba watoto," alimwambia, "Jumapili ikifika na nyumba iko hivi hivi, mimi naenda kwa dada yangu Kisumu. Nitajifungulia huko." Hapo niliogopa kwelikweli. Ningebaki na Baba, ambaye ugali wake ulihitaji kijiko.

Ijumaa asubuhi majirani wanne wakaanza kuchimba. Kufikia saa nne walikuwa wamezama hadi mabegani. Sasa ona kosa la Baba, msomi mzima na vyeti vyake: mtaro aliuanzia ubavuni mwa nyumba, upande wa kushoto, eti kwa sababu soketi ya stima iko huko. Kwetu Wajaluo, kushoto mwa nyumba ndiko anakozikwa mke.

Muuza nyanya mmoja alipita barabarani, akaona vichwa vinne na lundo la udongo, akashika mdomo. Kisha akapanda gari la Katito, ambako ndiko kwao Mama.

Saa nane mchana tuliwasikia kabla ya kuwaona. Wajomba, mama wadogo, kwaya nzima ya kanisa, na nyanya yangu mzaa mama mbele yao, mikono kichwani, wakilia kwa sauti ya kufika ziwani. Mama alikuwa jikoni akichambua mboga. Akatoka akijifuta mikono. "Poleni sana," akawaambia. "Ni nani amefariki?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nyanya alikatiza kilio, akamshika Mama mashavu, akamshika tumbo, halafu akamgeukia Baba. Kwetu mama mkwe hasemezani ovyo na mkwe wake, lakini siku hiyo heshima iliwekwa kando. "Hilo shimo ni la nini?"

Baba akaeleza habari za ubaridi wa chini, na uso wa Nyanya haukubadilika hata kidogo. Shimo lililochimbwa pale, akasema, halilali wazi. Lifukiwe leo, kabla jua halijatua.

Mtaro haukuwa umefika nusu, na ukifukiwa mtupu, Mama ndiyo huyo anaenda Kisumu. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama, wafukie. Lakini paipu ziwe ndani."

Basi wajomba wakavua makoti ya matanga, wakashika majembe. Si walikuwa wamekuja kuzika? Kwaya ilibeba paipu mabegani huku ikiimba, mimi nikikimbia huku na huku na ndoo ya maji, nusu naimwaga kwa furaha. Mvumbuzi wetu alikuwa ameipangia kazi hiyo siku mbili nzima. Saa kumi na moja na nusu mtaro ulikuwa umechimbwa, umelazwa paipu na kufukiwa, tena umekanyagwa vizuri na miguu ya waombolezaji.

Baba akawasha feni. Kwanza likatoka vumbi, likampiga mjomba mmoja usoni. Halafu ukaja ubaridi, mdogo lakini wa kweli, unanukia udongo. Mama akajishusha kitini, akaielekezea ile paipu miguu yake iliyovimba.

"Siendi popote," akasema, na kabla hatujamjibu alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Nyanya, aliyesimama mlangoni kwa sababu ya kumstahi mkwe wake, akaweka kidole mdomoni. Umati mzima uliokuja kumlilia mwanawe ukatoka kwa kunyata, viatu mkononi, usije ukamwamsha.