Niliomba Halbadiri Isomwe kwa Ajili ya Mpira

Kabla sijaanza mjue jambo moja: aliyeomba halbadiri isomwe ni mimi. Sikulazimishwa na mtu.

Na nusura initoe roho.

Ilikuwa masika ya 1918, Kilindoni. Mvua asubuhi, mvua jioni, na habari ya mjini ilikuwa moja tu: timu ya shule yetu.

Shule yenyewe ilikuwa ya vijana wakubwa, wengine tuna ndevu, tukifunzwa ukarani na ualimu. Mwalimu Zahor, mtu wa Unguja, ndiye aliyetuletea mpira. Mmoja tu kisiwa kizima. Nje ngozi ya kushona, ndani kibofu cha raba, cha kujaza upepo.

Masika ikiisha, meli itatuchukua tukacheze Unguja. Watu kumi na mmoja, basi.

Kila siku ikawa na jipya lake. Shaabani kateguka goti, safari imemponyoka. Fulani kapelekwa mbele. Fulani kaongeza kitambi. Wazee barazani waliacha kuzungumza vita, wakawa wanapanga timu.

Golini tulikuwa wawili: mimi Matano, na Hamdu.

Mwalimu akanichagua mimi, akanikabidhi na mpira niutunze. Hamdu akakatwa. Kwa hasira akatamka mbele ya watu, "Haya. Tutaona kama huo mpira utafika Unguja."

Neno hilo lilikuja kumtokea puani.

Jumanne nikaenda na mpira nyumbani. Ulikuwa unapoteza upepo kidogo kidogo. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua na mimi nimekulia miguuni pake, mikono yangu haikuwa ya kubahatisha. Nikaufuta tope, nikauhudumia, Jumatano nikaurudisha stoo ya shule huku naringa.

Jumamosi tukaingia uwanjani. Mtu akapiga shuti moja tu.

Pfffff.

Mpira ukalala kwenye tope kama chapati. Mwalimu akalegeza kamba, akachomoa kibofu. Kimetoboka.

"Kitu hiki hapa hakipatikani," alisema. "Labda Unguja. Labda hata Unguja hakuna."

Bila mpira hakuna mazoezi, na bila mazoezi hakuna safari. Macho yote yakamgeukia Hamdu. Mmoja wetu akasema alimwona Alhamisi akizungukazunguka nje ya stoo.

"Ulikuwa unatafuta nini pale?" Mwalimu akamuuliza.

Hamdu akanitazama mimi. Kisha akainamisha kichwa.

"Nakupa mpaka Ijumaa. Usipojieleza, shule huna."

Hapo ndipo mdomo uliponiwasha.

"Mwalimu, isomwe halbadiri. Aliyeuharibu mpira ajulikane."

Kwetu kisomo hicho si cha mchezo. Kikisomwa, mwenye kosa huvimba tumbo, au huokota makopo njiani, au huzikwa. Nami nilikitaka kwa moyo mweupe kabisa, maana nilijua nani kafanya.

Nikaenda mwenyewe kwa Sheikh Ussi.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba. Nasikia mnataka nimuue mtu kwa sababu ya mpira?"

"Si mpira, sheikh. Kuna mtu atafukuzwa shule. Kama hakufanya, kisomo kitamsafisha."

Akanikazia macho, akakubali. Nikaondoka najiona mjanja.

Alhamisi Hamdu alikuja kwetu, mvua imemlowesha chapachapa. Nilimwachia mlango nusu tu.

"Matano, waambie isisomwe."

"Unaogopa nini?"

"Nisikilize. Siku ile ya Jumanne nilipita hapa kwenu, nika..."

"Sitaki hadithi! Kesho utamwambia sheikh."

Nikaubamiza mlango. Nikamsikia nje, "Nakuomba kwa jina la Mungu, isisomwe." Nikacheka peke yangu. Nilisema, mtu anayeogopa hivi ana lake.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, baraza la sheikh likajaa. Ubani unafuka. Kitabu kimefunguliwa. Hamdu amekaa pembeni, anatoka jasho.

Mwalimu Zahor akasema, "Sheikh, kabla hujaanza. Jana nimeutazama mpira vizuri. Hapa hapakupita kisu."

Akakifinya kibofu. Kikanyofoka vidoleni mwake kama halua.

"Kimelika na mafuta. Na humu kwenye mshono nimekuta hii, sijui imeingiaje."

Akavuta. Ikatoka pamba, ndefu, imelowa mafuta ya nazi.

Jamani!

Pamba ile ilikuwa yangu. Jumanne niliona mshono unavuja, na kwa mtoto wa fundi mashua mshono unaovuja dawa yake ni kalafati: unaloweka pamba kwenye mafuta, unaishindilia kwa chuma mpaka ishibe. Baba alizuia maji ya bahari hivyo miaka yote. Mimi nikazuia upepo. Sikumwambia mtu, nilitaka Mwalimu ashangae mwenyewe.

Sheikh akainamia kitabu. Akavuta pumzi ya kuanza.

Nikinyamaza, nafasi yangu golini iko salama. Lakini tumbo lilikuwa limeshaanza kujaa. Wallahi nililihisi.

"Sheikh, usisome! Ni mimi!"

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka kitabu kilivyofungwa, pap.

Nilieleza yote nikilia. Mwalimu hakunipiga wala hakunitukana. Alisema neno moja tu: "Hamdu, golini."

Nilimfuata Hamdu nje.

"Alhamisi ile stooni ulikuwa unafanya nini?"

"Nilitaka kuichomoa pamba kabla mafuta hayajakila kibofu. Nikakuta pamefungwa."

"Kumbe uliniona!"

"Jumanne, kwenye kitala cha baba yako, pale anapoundia mashua, unashindilia."

"Mbona hukumwambia Mwalimu?"

"Mimi niliyekatwa, nimtaje aliyechukua nafasi yangu? Nani angeniamini, Matano?"

Akapangusa uso.

"Nilikuja kwenu kwa sababu nilijua ikisomwa itakupata wewe."

Kibofu kipya kilikuja na meli, na timu ikaondoka bila mimi. Kule Unguja wenzangu walifungwa mbili bila. Waliorudi walisema bila Hamdu zingekuwa saba.

Mimi leo ni mzee na sina hotuba ndefu. Mtu unayemdhania ubaya akija mlangoni kwako na kuanza, "Siku ile ya Jumanne...", mwache amalize.