Makochi Mekundu ya Gungu

Nimeyakalia makochi yale mara tatu, katika nyumba tatu, na mara zote tatu nikayasifu kwa maandishi. Nalisema hili mapema ili msije mkasema nimeficha. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mtu wa Singida, niko Kigoma mwaka wa tisa sasa, na serikali inanilipa kwa kutazama. Nilitazama kweli kweli. Niliandika mpaka rangi ya vitambaa.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu akitaka kumwasili mtoto, yaani mtoto awe wake kabisa kisheria na arithi kama aliyezaliwa naye, anaanza kwa kukaa naye kwa muda katika kile tunachokiita malezi ya kambo. Katika muda huo mimi nakwenda nyumbani kwake, naangalia wanavyoishi, naandika ripoti, na ripoti inapelekwa mahakamani. Nikiandika vizuri, mambo yanasonga. Nikiandika vibaya, mtoto anaweza kuondolewa na kurudishwa kwenye makao ya watoto. Sasa mpe mtu wa Singida madaraka hayo pamoja na fomu ya kurasa sita, uone atakavyotembea! Nilikuwa napita mtaa wa Gungu faili kwapani, kifua mbele, akina mama wananiita Bwana Ustawi, nami naitika kwa sauti nzito.

Fomu yetu ya zamani ilikuwa na sehemu ya samani. Idadi ya viti. Aina ya viti. Hali ya viti. Aliyeitunga simjui, labda alikuwa fundi seremala. Swali la nani anampa mtoto uji mama akitoka halikuwepo, lakini viti, loo, viti vilitengewa mistari minne.

Mwombaji wa nyumba ya tatu alikuwa mama mmoja anayechuuza dagaa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Hakuwa na mume wala mtoto wa kumzaa. Binti tuliyemkabidhi amlee aliletwa kwetu akiwa bado anatambaa. Ndugu tuliwatafuta mpaka tukachoka, hawakupatikana. Mama akakaa naye miaka minne. Mwisho akaja ofisini na barua iliyoandikwa kwa mkono, akasema anataka mtoto awe wake moja kwa moja, kwa sababu amechoka kushtuka kila akiona gari la serikali mtaani.

Tulipanga nimtembelee siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawavuliwi, kwa hiyo wachuuzi wanapumzika nyumbani. Nilipokelewa kama bwana harusi. Makochi mekundu yamejaa sebuleni hadi mlango unafunguka nusu, vitambaa vyeupe vya kufuma juu yake, televisheni nayo imevalishwa cha kwake. Nikaletewa migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyoungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo, na soda ya baridi. Binti alikaa pembeni mwa kochi, miguu haigusi chini, kama abiria anayesubiri gari.

"Unapenda kukaa hapa?" nikamuuliza.

Akapapasa kitambaa cha kochi. "Leo pamekuwa pazuri," akasema.

Nikaandika: mtoto ana furaha. Hilo neno "leo" lilinipita sikioni bila hata kusalimia.

Baada ya miezi miwili akaja mtafiti, dada mmoja wa chuo kikuu, mwembamba, mwenye miwani na subira nyingi. Alitaka kujua kwa nini huku kwetu karibu kila nyumba inalea mtoto wa mtu mwingine, lakini wanaofika mahakamani kumwasili ni wa kuhesabu kwa vidole. Nikamwambia jibu ninalo, asijisumbue: watu wa huku wanaogopa karatasi. Akanishukuru kwa adabu, kisha akaomba mafaili.

Siku ya pili yake, chai ikiwa mkononi, akaniuliza, "Kaka, hivi Gungu kuna fundi mmoja tu wa makochi?"

"Kwa nini?"

Akapanga mafaili matatu mezani. Nyumba tatu, waombaji watatu, mwandiko mmoja, wangu. Katika yote matatu nilikuwa nimeandika, kwa umakini wangu ule ule: makochi mekundu, vitambaa vyeupe, alama ndogo ya kuungua kwa pasi kwenye mkono wa kulia.

"Wote watatu walisahau pasi mahali pale pale?" akauliza, akacheka mpaka akavua miwani.

Mimi sikucheka. Uso ulinichemka. Miaka yote hii Gungu nzima inanipikia migebuka na kunizungusha na makochi yale yale! Mwishoni mwa fomu palikuwa na swali moja ambalo sikuwa nimelijibu: je, mwombaji ni mkweli? Nikachukua kalamu. Shauri la yule mama wa dagaa lilikuwa lisikilizwe wiki inayofuata, na neno moja la "hapana" lilitosha kulimaliza.

"Kabla hujaandika, nenda kaulize," mtafiti akasema. "Hii kazi yetu si ya kukamata wezi."

Nikapanda bodaboda mchana ule ule, bila kumjulisha mtu, nimenuna njia nzima.

Mlango ulikuwa wazi, na safari hii ulifunguka wote. Sebuleni palikuwa na mkeka, ndoo ya maji yenye mfuniko, na binti yule amekaa anachambua maharage kwenye ungo. Akanyanyuka akaniamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Makochi yako wapi?"

Ndiyo, nilimuuliza mtoto. Hata sasa naona aibu.

"Yamerudi kwao."

"Na televisheni?"

"Nayo imerudi kwao." Akaliangalia faili kwapani mwangu. Hakulia, wala sauti haikutetemeka. "Na mimi umekuja kunirudisha?"

Niliumia. Nilitaka kumwambia hapana, kamwe, lakini kisheria neno hilo halikuwa langu, lilikuwa la jaji. Nikamwambia nimekuja kuandika upya. Akakaa chini, akaendelea na maharage yake, haraka zaidi kuliko mwanzo.

Sauti nzito ikatoka uani, ikinisalimu kwa Kiha. "Mwakeye, Bwana Ustawi! Umefuata makochi? Yako kwangu, twende ukakae."

Alikuwa jirani wa nyumba ya pili, muuguzi mstaafu, mama wa Kiha mwenye kifua kipana na maneno mapana zaidi. Kabla sijamjibu, mama wa dagaa naye akaingia kutoka Kibirizi, beseni kichwani, magamba yamemganda mikononi. Aliponiona alilitua beseni vibaya, dagaa wakamwagika, akapiga magoti katikati yao.

"Baba, nisamehe. Nimekosa. Niandikie faini, nipeleke hata polisi, ila mwanangu niachie."

"Simama wewe!" jirani akamkaripia, kisha akanigeukia. "Afisa, kosa liko wapi? Yule mwombaji wako wa kwanza kabisa, wa kule juu, kabla ya makochi haya, hukutoka kwake ukasema viti havitoshi? Hukusema? Mtaa mzima tulikusikia. Tukajua basi, huyu mgeni anapenda kukaa pazuri. Sasa mwenzangu apate mgeni, nyumba yake haina kiti, na mimi nina makochi yamekaa bure. Nimwangalie tu? Tumeyabeba wanawake sita, jua la saa saba, kwa ajili ya makalio yako."

"Lakini ripoti lazima iwe ya kweli, mama."

"Siku ya harusi yako, suti ilikuwa yako?"

Suti ilikuwa ya shemeji yangu. Viatu vilikuwa vya rafiki, na vilinibana mpaka kesho yake. Hakuna aliyeniita mwongo, walisema nimependeza.

Nikavua viatu vyangu hivi vya sasa, nikakaa mkekani. Nikauliza swali ambalo ningeuliza tangu mwaka wangu wa kwanza kama fomu ingeniruhusu, au kama ningekuwa na akili zaidi ya fomu: mama akiwa mwaloni, nani anabaki na mtoto?

Nilimuuliza mama, akajibu binti. Asubuhi anakunywa uji kwa bibi wa makochi. Akitoka shule anakula kwa mama wa kona, ila Ijumaa anakula kwa yule wa nyumba ya bati jipya, maana huko siku hiyo kuna pilau. Akipata homa bibi wa makochi anambeba mgongoni hadi zahanati, na safari ya mwisho bibi alipumzika mara tatu njiani akisema mtoto amekuwa mzito. Mama akichelewa sana, anasubiriwa na watu wanne. Akawataja mmoja mmoja bila kukosea.

Katika kurasa zote sita hapakuwa na pa kuyaandika hayo. Nikageuza fomu, nikaandika nyuma, nyuma ikajaa, nikaomba karatasi ya daftari la binti.

Mtafiti alisoma karatasi hiyo amesimama. Akairudia. Kisha akaniomba ruhusa ya kwenda na maswali yale kwa waombaji wengine, akafika hadi Kidahwe na kwingineko, na alipoandika matokeo yake aliandika wazi kwamba watu hawaogopi karatasi. Wanaogopa kuonekana hawana kitu mbele ya mtu wa karatasi. Jibu langu la siku ya kwanza hakulitaja, nami sikumkumbusha. Siku hizi katika ofisi yetu tunauliza nani ana ufunguo wa nyumba, nani anamjua mtoto kwa tabia zake, na mtoto analala wapi. Viti vimeondolewa kabisa.

Lakini fomu mpya ilikuwa bado haipo siku ya shauri la yule mama. Kulikuwa na ripoti yangu ya kwanza yenye makochi, na ya pili inayokiri kwamba makochi si yake. Mama alikaa mbele, amevaa kitenge kipya, ambacho sikuthubutu kuuliza ni cha nani.

"Afisa," jaji akasema, "unasema uliyakalia mara tatu?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na hukuyatambua?"

"Sikuyatambua, mheshimiwa."

Karani akakohoa kwenye kiganja chake. Jaji akamgeukia mama akamuuliza kwa nini aliazima vitu. Mama akasimama akajibu.

"Mheshimiwa, nilikuwa na mgeni."

Jaji akaandika kwa muda mrefu. Sijawahi kuona mkono unaoandika polepole kama ule. Kisha akasoma amri: mtoto ni wake. Muuguzi mstaafu akapiga kigelegele mahakamani, akaonywa, akapiga kingine kifupi.

Jumamosi tukafanya sherehe Gungu. Makochi yalikuwepo, bila shaka. Walinikalisha kwenye lile lenye alama ya pasi, ili nisilisahau tena, wakacheka mpaka nami nikacheka. Alasiri akina mama wakaanza kuyabeba kuyarudisha. Binti akaacha kucheza na wenzake, akaja kusimama mlangoni. Kochi la kwanza likatoka. Televisheni ikatoka. Aliangalia kila kitu kikipita, nami nilijua anahesabu nini.

Likabaki kochi nililokalia.

"Inuka basi, Bwana Ustawi," akaniambia. "Hilo linarudi kwao."

Nikainuka. Wakalibeba, akawaongoza wasikwaruze mlango. Walipovuka kizingiti alirudi ndani akautandika mkeka pale katikati, akaunyoosha pembe zote nne, akakaa na kunyoosha miguu.

"Mimi sirudi," akasema, akaniita nikae.