Tulipata kocha Mjerumani hapa Guangzhou, mwenyekiti akamtimua half time

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii sikuhadithiwa, nilikuwemo uwanjani, beki ya kulia.

Wabongo wa hapa tuna timu yetu ya Jumapili, wafanyabiashara na wanafunzi wa scholarship. Mwenyekiti ni tajiri mmoja wa Mwanza, kontena zake hazikauki bandarini Huangpu. Jezi ananunua yeye, kwa hiyo namba kumi anavaa yeye. Tumbo linatangulia, mpira unafuata.

Nani aseme?

Sasa ikaja mechi na Wakongo. Uwanja ni mmoja: mshindi anachukua saa za jioni, aliyefungwa anahamia saa saba mchana. Anayelijua jua la Guangzhou la mwezi wa saba atanielewa.

Huko Shahe kwenye nguo za jumla, mwenyekiti akakutana na Mjerumani ananunua bukta za watoto anaowafundisha mpira. Kusikia tu "German coach", akampa timu palepale. Kufika jioni magroup yote ya nyumbani yanajua tumesajili kocha wa Bundesliga.

Mzungu wa watu alikataa mwenyewe. "No, no. Fourth division. Defender. Many red cards."

Tukadhani ni unyenyekevu.

Kumbe alikuwa anasema kweli. Mazoezini shuti hakuna, kazi ni mabeki wanne kupanda na kushuka kwa mstari mmoja. Nilimchukia, sifichi.

Siku ya mechi akataja kikosi. Mwenyekiti benchi!

Half time 0-0. Wakongo offside kila wakigusa mpira. Hapo nikaanza kumheshimu.

Ndipo mwenyekiti akasimama, viatu vipya miguuni. "Coach, this team is for who?"

"Yours. But the match is mine."

"Then go home."

Sisi tukajifanya tunakunywa maji. Jezi za mtu zilikuwa mgongoni.

Mwenyekiti akaingia, akawaamuru mabeki wote wapande wamletee mipira. Tukala nne.

Kepteni wa Wakongo akaja kumpa mkono. "Merci, président! Jioni ni yetu sasa." Na kocha wakaondoka naye.

Funzo: kabla hujatafuta kocha, jiulize kama utakubali kukaa benchi. Kama huwezi, tafuta wapiga makofi, wapo wengi.

Mwenyekiti anasema Mjerumani alituangusha, sasa anatafuta Mbrazili. Yeye mwenyewe mechi za mchana hachezi, eti jua linampandisha presha.

Mwenye mwenyekiti wa aina hii ashushe yake hapa chini. Nitasoma nikirudi, saa saba inagonga na mimi ndio nafunga kamba za viatu.