Sekunde Kumi Karibu na Ruring'u

Lori la chama chetu cha maziwa lilikuwa na spidomita, lakini sindano yake ilikuwa imelala kwenye sifuri tangu kabla sijaajiriwa. Dereva aliyenitangulia aliniambia nisiisumbue. "Utaendesha kwa masikio," akasema, kisha akaenda zake Timau kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano.

Sikumwelewa mpaka siku ya kwanza kazini. Asubuhi tulikusanya maziwa ya wakulima kwenye vituo vya barabarani, kuanzia pande za Kiriaini, tukayapeleka kiwandani Nyeri mjini. Mchana tulirudi na mikebe mitupu. Ilikuwa mikebe mirefu ya chuma, kila mmoja na kifuniko kilichoning'inia kwa mnyororo mfupi. Asubuhi, mikebe ikiwa imejaa na milima ikiwa ile, lori halikuweza kukimbia hata ungelipigia magoti. Lakini tukirudi, lori likifika mwendo fulani, vifuniko vyote vilianza kugonga kwa pamoja, vikatoa mlio mmoja mrefu ambao ungeusikia kutoka ng'ambo ya bonde. Mzee niliyefanya naye kazi alisema mikebe inaimba. Ikianza kuimba, unainua mguu kidogo. Ikinyamaza, uko salama, na askari hana neno nawe.

Mzee huyo ndiye aliyepakia na kupakua. Watu walimwita turniboi ingawa alikuwa na mvi na wajukuu. Yeye aliniita dereva mbele ya watu, na kijana tukiwa wawili.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikajifunza gari, nikapata leseni. Nilikuwa mtu wa kuona haya sana. Nikipotea njia, afadhali nizunguke maili tatu kuliko kushuka kumwuliza mtu. Leseni yenyewe ilikuwa kijitabu kidogo, na kurasa zake za nyuma ziliachwa wazi ili mahakama iandike makosa ya mwenyewe. Yangu ilikuwa imeshaandikwa mara moja, huko Karatina, kwa ajili ya taa ya nyuma iliyokufa. Madereva wenzangu waliniambia kwamba ukiandikwa mara ya pili kabla mwaka haujaisha, hakimu anaweza kukaa na kijitabu chako. Dereva asiye na leseni si dereva, na chama kilikuwa na vijana wengi waliokuwa wakiutazama usukani ule.

Tulisimamishwa mchana mmoja karibu na Ruring'u, tukitoka mjini. Askari wa trafiki alitoka nyuma ya ua wa miti, akainua mkono.

"Leseni."

Nikampa.

"Unajua ulikuwa unakimbia?"

"Hapana, afande."

"Maili arobaini na tano. Hapa ni thelathini."

Mzee alichungulia kupitia dirisha langu. "Afande, hii gari haiwezi arobaini na tano hata ikianguka kutoka Mlima Kenya."

"Mzee, sijaongea na wewe."

"Ati arobaini na tano! Na mikebe haijaimba hata kidogo!"

Askari alinitazama. "Huyu anasema nini?"

Nilitaka kumweleza. Badala yake nikatazama usukani. Akaandika karatasi ya kunitaka nifike mahakamani Nyeri baada ya wiki mbili, nije na leseni, akaturuhusu kuendelea.

Mzee alinung'unika mpaka Othaya. Mimi nilikuwa nikifikiria jambo lingine. Askari hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na saa ndogo iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alijuaje kwamba ni arobaini na tano, si arobaini na sita? Na kama alikisia, mbona alisema kwa uhakika vile?

Siku tatu baadaye nilimwona tena mahali pale pale. Nilisimamisha lori pembeni, nikakaa ndani kwa muda mrefu kabla sijafungua mlango. Mzee alidhani ninaumwa.

Askari aliniona nikija. "Kama umekuja kuomba msamaha, leo sina."

"Hapana, afande. Nataka kujua mnapimaje."

Alinikodolea macho, kisha akacheka. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Akanionyesha mstari mweupe uliochorwa lamini, hafifu, kama umechorwa kwa chokaa. Mwingine kama huo ulikuwa mbali kule chini, na mwenzake alikuwa amesimama hapo kando ya mti. Gari likikanyaga mstari wa kwanza, mwenzake anashusha mkono, naye anabonyeza saa. Likikanyaga wa pili, anabonyeza tena.

"Katikati ni yadi mia mbili na ishirini," akasema. "Ukitumia sekunde kumi na tano, umeenda thelathini. Wewe ulitumia kumi."

Akanipa saa nijaribu. Muuza mkate mmoja alikuja kwa baiskeli, akanyonga pedali bila kujua anapimwa, akachukua sekunde arobaini na moja. Nikapima na basi moja. Lilikuwa salama.

"Sasa kwa nini unauliza?"

"Nilitaka kujua kama saa yako ni nzuri."

"Haya," akasema, akaichukua. "Hiyo utamwambia hakimu."

Kwenye lori nilitoa karatasi ya kufungia sukari nikapiga hesabu. Yadi mia mbili na ishirini ni moja ya nane ya maili. Hilo nililikariri shuleni. Mara nane, sekunde kumi na tano zinakuwa dakika mbili kwa maili moja, yaani maili thelathini kwa saa. Sekunde kumi zinakuwa themanini kwa maili, yaani arobaini na tano. Hesabu ya askari haikuwa na kosa. Kwa hiyo mmoja kati ya wawili alikuwa amedanganya: saa yake au mikebe yangu.

Jumapili baada ya kanisa nilipima hatua mia mbili na ishirini, hatua ndefu, kwenye barabara iliyonyooka karibu na ghala la chama. Niliweka jiwe jeupe kila upande. Mzee alikaa kando yangu na saa yake ya mkono, ambayo aliivaa siku za ibada tu, akapiga kelele "Sasa!" tulipopita kila jiwe. Nyuma kulikuwa na mikebe mitupu. Niliongeza mwendo polepole mpaka vifuniko vikaanza kuimba, nikashikilia hapo hapo.

Sekunde kumi na sita. Tulirudia mara tatu. Mara moja ilikuwa kumi na saba, nyingine mbili kumi na sita.

"Umeona?" Mzee alipiga dashibodi kwa kiganja. "Mikebe haidanganyi. Saa ya afande imelewa. Wewe nenda ukatae."

Nikaamua kukataa. Na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani siku ya kusimama mbele ya watu ifike, kwa sababu nilikuwa na kitu nilichokijua.

Siku mbili kabla ya mahakama tulisimama kwenye kituo kimoja juu ya Othaya. Mama mmoja alikuwa akingoja.

"Mzee, chumvi yangu umeleta ama umesahau tena?"

"Mimi nisahau? Hata ng'ombe wako ananijua."

Alipanda nyuma, akafungua mkebe, akatoa pakiti ya chumvi ya ng'ombe iliyofungwa kwa gazeti. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kila wiki. Wakulima walimtuma vitu vya mjini, naye aliviweka ndani ya mikebe visinyeshewe, na asubuhi mikebe ikaoshwa kwa maji moto. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Lakini siku hiyo nilitazama mkono wake ukiingia ndani ya mkebe, nikashuka.

"Mzee, siku ile ya afande tulibeba nini?"

"Siku ile?" Akakuna kichwa. "Ilikuwa mwisho wa mwezi. Kila mtu alikuwa ameagiza. Chumvi, unga, sukari, misumari ya yule fundi wa kanisa..."

"Kwenye mikebe mingapi?"

"Yote, kijana. Hata vifuniko nilivikaza na nyasi, vumbi isiingie kwa unga."

"Kwa hivyo haingeimba."

"Ingeimba aje na tumbo imejaa?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akafunika mdomo kwa mkono.

Tulikuwa na chumvi ya kutosha siku hiyo. Tuliitandaza kwenye mikebe mingi kadiri ilivyowezekana, tukakaza vifuniko kwa nyasi, tukarudi kwenye mawe yetu. Niliendesha nikisikiliza, nikiongeza, nikisikiliza. Nyuma kulikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Mzee aliposema "Sasa!" ya pili, sikutaka kutazama saa yake.

"Kumi," akasema.

Nitasema kweli: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Nilikuwa nimejua. Hofu ilikuja baadaye, tulipokuwa tukishusha mikebe.

"Hii tunajua sisi wawili," Mzee akasema polepole. "Hakimu hajui. Wewe kataa tu, mimi nitasimama shahidi. Nitasema mikebe haikuimba, na huo si uongo."

Haukuwa uongo. Niliufikiria sana. Lakini kila nilipojiona mahakamani nikisema sikukimbia, niliyaona yale mawe mawili meupe, na nilijua ulimi wangu, ambao hata ukweli huutoa kwa shida, haungeweza.

Asubuhi ya kesi tulipeleka maziwa kwanza, tukaacha lori nje ya mahakama. Karani alisoma shtaka, akaniuliza kama ni kweli.

"Ni kweli."

Mzee, aliyekuwa benchi la nyuma, alivuta pumzi kwa sauti.

Hakimu aliuliza kama nina la kusema kabla hajaamua. Nikaanza kueleza. Akaniambia nipaze sauti. Nikaeleza spidomita iliyokufa, mikebe inayoimba, chumvi na nyasi. Watu walicheka. Askari wa trafiki naye alicheka. Hakimu peke yake hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Ngoja. Mikebe mitupu inaimba kwa mwendo gani?"

"Maili ishirini na nane, mheshimiwa."

"Umejuaje?"

"Nilipima."

"Na ikiwa na chumvi?"

"Hata arobaini na tano haiimbi."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari nzuri. Kwa muda mfupi niliona kwamba nitatoka na kijitabu changu mfukoni.

"Leo umekuja na lori hilo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Spidomita imetengenezwa?"

Nyuma yangu Mzee alianza kukohoa, kikohozi kikubwa ambacho sijawahi kukisikia kwake.

"Bado," nikasema.

"Basi leo umeendesha kwa kutumia nini?"

Nilifikiri. "Kwa kujaribu kwenda polepole."

Watu walicheka tena. Hakimu alichukua kalamu. Alisema amesikia kwamba nimesema ukweli, na kwa hiyo faini itakuwa ndogo. Lakini mtu aliyejua kwamba masikio yake yanaweza kumdanganya, akapanda tena lori lile lile, hawezi kurudishiwa leseni siku hiyo. Miezi mitatu. Na lori lisitoke tena barabarani bila spidomita.

Nje, Mzee alinizunguka mara mbili.

"Ulikuwa umeshinda! Kijana, ulikuwa umeshinda, halafu ukafungua mdomo!"

"Aliniuliza."

"Si ungekohoa kama mimi!"

Lori lilikaa pale uani siku mbili, mpaka chama kilipotuma fundi pamoja na dereva mwingine. Mwenyekiti hakunifukuza. Alisema kama niliweza kupima mikebe naweza kupima maziwa, akaniweka ghalani na kipimo cha kioo cha kuonyesha kama mkulima ameongeza maji. Hakuahidi kwamba usukani utaningoja. Yule dereva mpya alikuwa mtu mzuri, na alikuwa na watoto. Kila asubuhi nilimsikia akiwasha lori, nikaendelea na kazi yangu.

Miezi mitatu ilipotimia nilikuwa mlangoni mwa mahakama kabla karani hajafika na funguo. Alivuta droo, akapekua, akanipa daftari nitie sahihi, kisha akasukuma kijitabu changu mezani. Nilifungua nyuma nikasoma. Kulikuwa na tarehe, maili arobaini na tano, miezi mitatu, na sahihi. Basi. Nilisoma mara mbili nikidhani nimeruka kitu.

"Kuna shida?" karani akauliza.

"Mbona hawakuandika sababu?"

Alikichukua kijitabu, akakitazama kwa makini, akakigeuza hata upande wa pili, kama mtu ambaye naye hakuwa amewahi kujiuliza.

"Hapo hakuna nafasi ya sababu," akasema, akanirudishia, na kumwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.