Kofia ya Mabata Juu ya Kiwavi

Naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa picha yenyewe imeshazunguka Maskati nzima na nusu ya Unguja, bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kumsikia shemeji yangu Hilali, ambaye kila anapoisimulia ananiongezea machozi, na mimi sikulia (macho yalitoka maji kwa upepo, na hilo ni jambo la kawaida kwa mtu aliyekaa kiti cha nyuma).

Kwanza mjue kwamba mimi ni mgonjwa wa rola kosta, vile vigari vya bustani za michezo vinavyopanda na kuanguka juu ya reli. Kazi yangu ni kukagua mabomba ya plastiki katika kiwanda kimoja huko Rusayl, lakini hiyo ni ya kunilisha tu, akili yangu yote iko kwenye reli na miteremko, na likizo zangu zote zimeishia Imarati kwenye zile kubwa. Tuna kundi letu la simu, mimi na Hilali na wenzetu wachache, na humo tunabishana kama watu wa mpira: ipi ina mteremko wa kweli na ipi inauza rangi tu, bustani gani inakusimamisha juani mpaka ukauke kwa raha ya kufumba na kufumbua, na kwa nini reli ya mbao inayokugonganisha meno ina roho kuliko ya chuma inayoteleza bila kelele. Wenzangu wananisifu kwamba najua, na mimi navikwa kilemba cha ukoka na kukivaa bila hata kuuliza. Nina na sheria yangu niliyoitangaza humo mara nyingi, kwamba mtu anayepanda na kitu kisichofungwa vizuri mwilini, iwe simu, iwe miwani, iwe chochote, ni mjinga na asikaribishwe tena. Hiyo iwekeni pembeni, tutairudia.

Sasa wiki ya mkasa wenyewe mimi na Hilali tulikuwa hatusemezani. Yeye alishikilia kwamba kiti bora ni cha mbele kwa sababu unaona unakokwenda, na mimi nikasema cha nyuma, kwa sababu mbele ikishaanza kuanguka wewe wa nyuma unanyakuliwa, makalio yanaachana na kiti, na hiyo ndiyo rola kosta yenyewe, ukitaka kuona mandhari kapande basi. Maneno yakawa maneno, akaandika mbele ya watu kwamba mimi ni hodari wa ulimi tu, na mimi nikanuna.

Na wiki hiyo hiyo ndiyo tuliyokuwa tunangoja jawabu la posa. Salma nilimjua kupitia dada yangu, wanafanya kazi ofisi moja, na kusema kweli nilikuwa nimeshampenda vibaya sana, nalala naye akilini na naamka naye. Wazee wetu walikwishakwenda kwao Bawshar kuposa, wakapokewa kwa heshima, wakaambiwa jawabu liko kwa Bibi Zuwena, nyanya yake Salma, naye anataka kumuona kijana kwanza, basi kijana aje Ijumaa ale nao. Nilijua pia kuna binamu yake mmoja ameshatajwatajwa mle ndani, kwa hiyo Bibi akikunja uso, mimi khalas, nimekwisha.

Mama yangu akanipa sharti moja, nivae kilemba, nisiende na kofia tupu. Sisi asili yetu Tabora, wale ni watu wa Unguja, na mama hakutaka kusikia kesho kwamba watu wa bara hawajui kuvaa. Taabu ni kwamba mimi kilemba sijui kukipiga. Miaka yote, sikukuu na harusi, anayenipiga ni Hilali. Na Ijumaa asubuhi simu ikalia, nikaona jina lake, najua kabisa anataka kuniambia nipitie kwake Darsait anivalishe, na mimi kwa ajili ya ugomvi wa kiti cha mbele na kiti cha nyuma nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikafungua video, nikasimama mbele ya kioo. Kitambaa kile cha sufu laini kinateleza, nikikizungusha huku kinashuka kule. Nikakipiga juu ya kofia, kichwa kikawa kama sufuria iliyofunikwa. Nikakipiga bila kofia, kikaanguka begani. Ndipo nikaona kwenye kamba ya nguo kofia ya kuogelea ya mpwa wangu, ya mpira, ya manjano, ina mabata. Nikajiambia mpira unashika. Nikaivaa (ilinibana mpaka nyusi zikapanda), nikazungusha kitambaa juu yake, na wallahi kikakaa, nikamalizia kwa pini za ushungi wa mama, na kwa mbali ungesema mtoto wa shekhe.

Chakula kilikwenda vizuri. Bibi Zuwena ni mwanamke mdogo wa umbo, mtandio wake mweusi juu ya ushungi mwepesi, anasikiliza zaidi kuliko anavyosema, na macho yake yalikuwa yakipandapanda kichwani kwangu, nikadhani anakipenda kilemba. Baba yake Salma akaniuliza nje ya kazi napenda nini. Mtu mwenye akili angesema kusoma. Mimi nikafunguka. Nikawapa reli ya mbao na reli ya chuma, nikawapa foleni za Imarati, nikawapa kiti cha nyuma kwa ishara za mikono, mpaka Salma aliyekuwa analeta kahawa akasimama mlangoni na sinia lake anasikiliza huku anajizuia kucheka, na mimi kuona vile nikazidi. Nikafika kwenye kile kigari cha reli cha watoto, chenye umbo la kiwavi cha kijani na uso unaocheka, kilichoko kwenye duka kubwa hapo karibu nao, juu kwenye ukumbi wa michezo, nikasema kile si rola kosta, kile ni kitanda cha kulazia watoto, mimi naweza kukipanda na kikombe cha kahawa mkononi kisimwagike.

Bibi Zuwena akaweka kikombe chake chini.

"Mie pembea za sikukuu Mnazi Mmoja nimezipanda zote," alisema. "Hichi kitanda chako nataka kukilalia. Nipeleke."

Nilidhani ni mzaha. Baada ya alasiri tukawa kwenye gari mbili, Bibi, Salma, baba yake, shangazi zake na watoto wa nyumba nzima, tunakwenda dukani.

Mlangoni pa kiwavi kulikuwa na dada mmoja wa Kikenya, mpole sana, akaniambia, "Samahani mkubwa, hiyo ya kichwa lazima itoke, nitakuwekea hapa." Na kibao cha kusema hivyo hivyo kilikuwa nyuma yake, kikubwa, kwa lugha mbili. Sasa mimi, mwenye sheria yangu, ningefanya nini? Nikiivua, chini kuna mabata, na ukoo mzima umenikodolea macho. Nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu kwamba hii imefungwa, na kwamba mashine yenyewe ni ya watoto, na kwamba mimi nimepanda kubwa kuliko hii. Nyuma watoto wanasukumana, yule dada akaniangalia, akatingisha kichwa, akatufungia chuma cha kiunoni. Na bila shaka nilimketisha Bibi kiti cha nyuma kabisa. Nilimweleza na sababu.

Kiwavi kikapanda taratibu, mnyororo unagonga chini, Bibi ametulia kama yuko sebuleni. Kikafika juu. Kichwa cha kiwavi kikainama, na sisi wa nyuma (kama nilivyoeleza kwenye kundi mara zisizo idadi) tukanyakuliwa. Nilisikia pini ya kwanza inaruka. Halafu nikasikia ubaridi masikioni. Halafu taa ya kamera ikamulika.

Kilemba kilikwenda zake kama nguo iliyoanuliwa na upepo, kikapita juu ya shangazi mmoja, kikaenda kulalia reli pale pale kwenye mpando. Na kiwavi huzunguka mara mbili. Tulipoanza kupanda mara ya pili, yule dada akakiona kitambaa kimeanza kuliwa na mnyororo, akabonyeza kitufe chake, na sisi tukasimama. Katikati ya mpando. Juu ya ukumbi wote.

Sasa nitazameni. Mwanamme mzima, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na kichwani kofia ya mpira ya manjano yenye mabata, nimekaa juu ya kiwavi kinachocheka, pembeni ya mwanamke mwenye jawabu la maisha yangu. Chini ukumbi mzima umeinua simu. Na kwenye ile televisheni ya mlangoni, ambako hutokea picha za waliopanda, nilikuwemo mimi, mkubwa kuliko nilivyo, mdomo wazi, mabata yote yanaonekana. (Nilikuwa nikiandika zamani kwamba anayenunua picha zile ni mshamba.) Baba yake Salma alikuwa amesimama mbele ya ile picha, mikono nyuma, ametupa mgongo, anaitazama. Salma sikuthubutu kumtafuta. Akilini nilimuona yule binamu, nikaona anavyopokewa, nikaona mama yangu anavyopewa habari, na hapo sikuwa na mzaha wowote.

Nikamwambia Bibi anisamehe, nimemuaibisha. Aliuliza nani aliyenipiga kilemba.

Nikasema nimejipiga mwenyewe.

"Tangu ulipoingia nakitazama," alisema. "Nikasema leo hichi kitamwangukia kwenye mchuzi. Inama."

Akavua ule mtandio wake mweusi, akabaki na ushungi, akanivua mabata (yalitoka na nywele), akaukunja mtandio pembe kwa pembe mapajani, na akaanza kunizungushia kichwani, polepole, akivuta hapa, akichomeka kule, kwa mikono isiyokosea, huku fundi anapanda ngazi za pembeni na kitambaa changu bado kinang'ang'aniwa na mnyororo. Marehemu mumewe, alisema, hakuwahi kujipiga kilemba hata siku moja, alikuwa akikaa chini kwenye kigoda kila asubuhi na yeye anamfunga, mpaka asubuhi ya mwisho. Alipomaliza akanigeuza uso huku na huku, kisha akainama pembeni ya kiwavi na kupaza sauti, ukumbi mzima ukimuangalia.

"We Salma. Mke mwenzangu. Mume wetu hajui kupiga kilemba, itabidi nikufundishe."

Mnajua wenyewe bibi humwita mjukuu wake mke mwenza kwa ajili ya nani, na lini; jawabu la posa lilikuwa limetoka. Shangazi mmoja akapiga kigelegele kwenye ukumbi wa watoto. Baba yake Salma akageuka kutoka kwenye ile picha, akafuta macho, na sasa ndipo nikaona kwamba muda wote ule alikuwa anacheka. Salma nilimuona hatimaye, karibu na mlango, ameficha uso kwenye ushungi na mabega yanamruka. Na mimi huko juu macho yalinitoka maji, na nawaambia kweli, ulikuwa upepo.

Tangu siku ile nimejiapiza mambo mawili. Simu ya Hilali haitalia tena mara ya pili bila kupokewa, hata akisema kiti bora ni cha dereva. Na kiwavi sikitukani, kwanza kwa sababu Bibi ananipeleka kila Ijumaa ya pili, na pili kwa sababu anapenda kiti cha nyuma na analisema hilo kwa kila mgeni anayekuja Bawshar, akiwaonyesha ile picha, ambayo aliinunua ile kubwa, na ukutani ameiweka jirani na ya marehemu mumewe.

Siku ya harusi, tulipotoka msikitini kwenye nikaha na kufika kwao, Bibi aliniketisha kwenye kigoda kunifunga kilemba upya yeye mwenyewe. Kabla hajaanza aliniuliza kama leo nimevaa mabata. Nikamwambia hapana, Bibi. Akanipapasa kichwa kizima kwanza, kuhakikisha.