Amekwisha Nini?

Ezéchiel alikuwa mtu wa kumaliza maneno yake. Wenzake wa Yeoville, mtaa wa wahamiaji jijini Johannesburg, Wakongo kwa Warundi, walikuwa wamezoea kukata: nimeshakula, nimeshaoga, ameshaenda. Yeye hapana. Alilelewa Uvira na baba katekista, na hata sasa, akiwa na miaka hamsini na minne na sare ya ulinzi yenye mfuko uliofumuka, alisema nimekwisha kula, nimekwisha kuoga, amekwisha kwenda, polepole, neno baada ya neno. Pitchou, fundi cherehani wa Rockey Street, alimtania kwamba anazungumza kama mtu anayesoma somo la kwanza kanisani. Ezéchiel alicheka tu, maana moyoni aliona fahari. Hakujua kwamba fahari hiyo ingekuja kumponza mtu mwingine.

Kazi yake ilikuwa geti la uwanja wa mpira wa magongo, upande wa kaskazini wa jiji. Miaka kumi na mitatu aliinua kizuizi, akaandika namba ya gari, akashusha kizuizi. Kati ya gari na gari alitazama mchezo. Mwanzoni aliushangaa: watu wazima, wameshiba, wanainama mchana kutwa kama wapalilia maharage. Lakini jicho likikaa mahali hujifunza. Mwaka wa tatu alijua kwamba bao halihesabiki mpaka mpira upigwe ndani ya duara. Mwaka wa tano aliweza kusema nani atatolewa kabla kocha mwenyewe hajaamua. Mchezaji mmoja alimwita Kocha wa Geti, na jina likamkaa vizuri, pengine kupita kiasi.

Ezéchiel alimwona Carmel tangu binti huyo akiwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake, Godelieve, Mrundi wa Bujumbura, wakati huo alikuwa anasafisha vyumba vya kubadilishia nguo, na binti akitoka shule alikuja kumsubiri pale getini. Mtoto asiye na la kufanya ni mzigo kwa mlinzi. Ezéchiel akaokota gongo lililopasuka mpini, akalifunga kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, akampa. Carmel akapiga mpira wa tenisi ukutani jioni hiyo, na kesho yake, na keshokutwa, mpaka rangi ya ukuta ikabanduka. Siku moja kocha wa watoto akasimama kuuangalia ukuta ule, akauliza ni nani aliyeufanya hivyo. Ezéchiel alidhani wanafukuzwa kazi, yeye na Godelieve. Kumbe kocha alitaka kumchukua Carmel kwenye timu yake ya watoto.

Akiwa na miaka kumi na minane Carmel alivaa jezi ya manjano ya timu kubwa ya wanawake, mshambuliaji, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Hapo Yeoville, ambako hakuna aliyewahi kushika gongo isipokuwa la kumfukuzia mwizi, ikapata timu. Wakaiita Manjano. Wakafungua kundi la WhatsApp la watu sabini, na nusu yao hawajaona hata mechi moja. Hilo halikuwazuia kutoa maoni. Shabiki asiyejua mchezo ndiye mwenye sauti kubwa, kila mtu anajua hivyo.

Mwezi wa tisa msimu ulipoisha, klabu ikampa Carmel karatasi ya kuongeza mkataba, miaka miwili, airudishe na sahihi yake Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Godelieve, ambaye sasa alikuwa anasuka nywele saluni, aliingia kazini asubuhi akatangaza kwamba Carmel amepata extension. Wenzake, wakidhani ni nywele za kuongezea, wakamuuliza za rangi gani, na zinafika mabegani au kiunoni. Walicheka wakashindwa kushika vitana. Ndiyo siku ya mwisho Ezéchiel anayoikumbuka ambapo jambo lile lilikuwa la kuchekesha.

Maana kwa Pitchou mambo yalikuwa moto. Watu walisimama mlangoni, wengine wameshika suruali zilizokuja kupunguzwa, wakibishana kama wabunge.

"Mabao sita," alisema Pitchou, pini mdomoni. "Sita, musimu mzima. Mushambuliaji wa mabao sita ni beki amepotea njia. Mi nasema wazi, ule mutoto hayaiva. Bamupatie mwaka moja, aonyeshe kwanza."

"Na akienda klabu ingine akaiva huko?" mtu akauliza.

"Basi aende. Durban kuko mushambuliaji wa mabao kumi na tano. Bamulete yule."

Ezéchiel alisikiliza akitikisa kichwa. Aliona Pitchou anachanganya mambo mawili ambayo mtu yeyote aliyewahi kuwa na shamba hayachanganyi: kuiva na kukomaa. Mabao sita alikuwa anayajua. Lakini alijua pia kona fupi ishirini na mbili, zile adhabu zinazozaa mabao, ambazo Carmel alizipata kwa kuingia na mpira kwenye duara, mgongo kwa goli, na kulazimisha mabeki wamkosee. Na wiki mbili zile za mwisho, mazoezini, aliona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona: Carmel alikuwa ameanza kugeuza shingo na kutazama nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Ni kitu kidogo. Washambuliaji wengi wanazeeka bila kukipata.

Jumanne Godelieve alimpigia simu.

"Baba Ezé, Carmel hajaweka sahihi. Shangazi yake wa Rosettenville amemtafutia kazi ya duka kubwa, wanamtaka Jumatatu. Anasema pengine mpira si wake. Kila mtu anamwambia lake. Anauliza wewe unaonaje, maana wewe ndiye unamwona kila siku."

Angeweza kujibu pale pale. Sentensi moja ingetosha. Lakini Kocha wa Geti alitaka kusikiwa. Miaka mingapi Pitchou amemkalia kooni mbele za watu? "Nitasema kwenye kundi, mbele ya wote," akajibu. "Mwambie asikilize huko."

Jumatano saa tisa, geti likiwa tulivu, akabana kidole gumba kwenye simu na kuanza kurekodi. Alianza mbali, kama kawaida yake.

"Ndugu zangu, msinikasirikie. Carmel ninampenda kama binti yangu, nimemwona tangu hajui kushika gongo. Lakini ukweli lazima usemwe. Wanaosema apewe mwaka mmoja wanakosea. Wanaosema miwili, nao wanakosea. Mimi ninasema mtoto huyu amekwisha..."

Gari likapiga honi. Lilikuwa la meneja, na meneja hapendi kusubiri. Ezéchiel akaruka, kidole kikaachia, akainua kizuizi, akapiga saluti, akaandika namba. Aliporudi kwenye simu, ujumbe ulikuwa umekwenda, umekatika pale pale.

Alikuwa anataka kusema amekwisha kukomaa, wampe mitatu. Angesema ameshakomaa, kama watu wengine, neno lisingepata mahali pa kukatikia.

Kundi lilikuwa limewaka. Leo muzee ameongea, aliandika Pitchou. Ukweli unauma. Mtu wa ndani amethibitisha. Kocha wa Geti, heshima. Jumbe kumi na saba, na Pitchou, Pitchou huyu huyu, akaongeza: Mi nasemaga huyu mwanaume ana jicho.

Hapa ndipo mtu anapotaka kumshika Ezéchiel mabega amtikise. Simu ilikuwa mkononi. Gari lingine halikuwepo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye mpaka dakika ile alikuwa amejikwaa kidole tu. Akasoma zile sifa mara ya pili. Akasoma mara ya tatu. Halafu akaiweka simu mfukoni.

Nyumbani, akila ugali, mke wake Denise aliusikiliza ule ujumbe, akamtazama.

"Amekwisha nini?"

"Kukomaa. Ilikatika."

"Basi tuma ingine, umalizie."

"Nitawaambia Jumamosi kwa Pitchou, uso kwa uso. Nikirekebisha leo wataniona kigeugeu."

"Na mutoto je?"

"Ananijua. Ataelewa."

Denise akaondoa sahani bila kuuliza kama ameshiba. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na Ezéchiel alingoja, ila tumbo lililoumia halikuwa lake.

Kwa sababu Carmel alizaliwa Johannesburg. Shuleni alisema Kizulu na Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kwa mama yake. Huko jikoni neno lile alilijua vizuri sana. Unga umekwisha. Umeme umekwisha. Data imekwisha. Alilisikia kila wiki tangu azaliwe, na kila mara lilikuwa na maana moja.

Alhamisi alikuja kwenye mazoezi ya baada ya msimu. Kila siku alipita getini akigonga kizuizi kwa gongo na kusema, "Sharp, Anko," salamu ya vijana wa jiji, ya kuja na ya kuondoka. Siku hiyo alisimama. Alikuwa ameshika mfuko wa gongo kifuani.

"Anko Ezé, nilisikia voice note yako."

"Ulisikia?"

"Ya. Asante kwa kusema ukweli. Wengine wanaogopa."

Ezéchiel aliyaona macho yake. Mtu aliyemtazama mtoto miaka minane anayajua macho yake yakiwa yametoka kulia. Kinywa kilifunguka kabisa, neno lilikuwa pale kwenye ulimi. Nyuma ya Carmel kulikuwa na magari mawili, na kwenye simu mfukoni kulikuwa na watu sabini waliomwita mwenye jicho. Akasema, "Eish, mwanangu. Pole." Akainua kizuizi.

Pole. Kati ya maneno yote ya Kiswahili, na yeye anayapenda, akachagua hilo.

Ijumaa saa sita ilipita. Jumamosi aliingia kwa Pitchou akiwa amejiandaa, shati limepigwa pasi, hotuba iko kichwani, akamkuta Godelieve amekaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani.

"Hakurudisha karatasi," alisema. "Nilimkuta na simu amelala nayo. Akaniambia, Mama, kama Anko Ezé amesema nimekwisha, basi nimekwisha. Yeye ndiye ananijua."

"Sikusema hivyo, Mama Carmel. Ilikatika. Nilitaka kusema amekwisha kukomaa."

Godelieve aliinuka kwenye benchi. Hakupaza sauti. "Ungesema jana," akajibu.

Pitchou, mtu asiyekosa la kusema, alikanyaga cherehani yake bila kitambaa.

Jumatatu Ezéchiel alikwenda ofisini kwa meneja, kofia mkononi, akaambiwa orodha imefungwa na mshambuliaji wa Durban amekwisha kusaini, na hata kwa Kiingereza chake kidogo alielewa. Alimpigia Carmel mara tisa. Kisha akasikia amehamia Rosettenville kwa shangazi. Kundi lilitulia wiki chache, halafu likageuka la kuuza viatu.

Miaka miwili alikaa na lile neno. Alijuta akiinua kizuizi, akajuta akikishusha. Mazoezini aliwatazama washambuliaji wapya akihesabu ni nani anayegeuza shingo kabla ya kupokea mpira, na hakupata hata mmoja. Ukuta uliobanduka ulipakwa rangi mpya. Kwa Pitchou aliacha kwenda. Suruali zake alizishona mwenyewe, vibaya. Denise alimwambia aende Rosettenville amalize alichokianza. Alijibu ataenda. Mwishowe ilikuwa Denise aliyempa nauli ya teksi na kumfungulia mlango.

Lilikuwa duka kubwa lenye foleni ndefu, Jumamosi ya asubuhi. Ezéchiel alichukua mkate mmoja ili awe na sababu ya kusimama. Carmel alikuwa kaunta ya nne, nywele zimesukwa na mama yake, fulana ya duka, ya manjano pia, na hilo lilimchoma. Alipomfikia, msichana aliinua macho.

"Anko Ezé."

"Carmel. Siku ile sikumaliza." Alikuwa ameyarudia maneno hayo ndani ya teksi mpaka yakakosa ladha. "Gari lilipiga honi. Nilikuwa ninasema, mtoto huyu amekwisha kukomaa. Umekwisha kukomaa, wakupe miaka mitatu. Ndilo neno lililobaki. Ningelituma siku ile ile, sikulituma. Kosa ni langu."

Carmel alishika mkate bila kuupitisha. Midomo ilisogea, analijaribu neno.

"Kukomaa," akasema. "Kukomaa ni nini?"

Ezéchiel hakuwa amejiandaa kwa hilo. Kwa miaka miwili alidhani neno lenyewe lingetosha, akilifikisha tu. Alitafuta Kiingereza chake, hakikuwa na kitu. Mama aliyefuata kwenye foleni alikuwa amekwisha kuweka vitu vyake kaunta: sabuni, maziwa, na maparachichi manne ya kijani. Ezéchiel akamwomba radhi, akachukua moja.

"Hili ni gumu," alisema. "Halijaiva. Ukilibonyeza leo unaweza kusema halifai. Lakini limekomaa mtini. Ukiliweka nyumbani, litaiva lenyewe, ni siku tu. Lile lisilokomaa, hata uliweke mwaka, linanyauka."

Carmel akalichukua. Akalibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyokuwa akipima utepe wa gongo lake la kwanza.

"So nilikuwa gumu tu," akasema.

"Ulikuwa gumu tu."

Alilirudisha parachichi kwa mwenyewe, akapitisha mkate, akampa Ezéchiel risiti. "Sharp, Anko," alisema, akamwita mteja aliyefuata.